John Carney wa Ireland, yule wa movie ya Once: alitokea wapi, na staili yake inawezekana huku Mwanza?

Kamera_Mabatini:
Wakuu habari za jioni, wa kanda ya ziwa kwanza halafu na wengine wote. Mi kazi yangu video za harusi, sendofu, vipaimara, na misiba pia nikiitwa naenda. Kuna jamaa kaniwekea kwenye flashi movie ya Ireland inaitwa Once, nikaipuuza muda maana kava lenyewe ni watu wawili na gitaa wanatembea barabarani, nikajua hii ya kulalia. Juzi umeme umekata nikaiweka kwenye laptop nipitishe muda, daah. Jamaa anapiga gitaa mtaani Dublin, na kazi yake nyingine anatengeneza zile mashine za kufyonza vumbi dukani kwa baba yake, anakutana na dada wa Kicheki anauza maua, wanaimba wanarekodi nyimbo, movie imeisha. Hamna ngumi, hamna mzimu, hamna mama mkwe mwenye roho mbaya, hata kubusiana hawabusiani. Na picha yenyewe kusema kweli ni picha ambayo mi nikimpelekea bwana harusi anadai hela yake, giza giza, kamera inatikisika. Lakini nimeiangalia mpaka mwisho na nikarudia.

Sasa naomba kwa wanaomjua huyu dairekta, John Carney. Ni mtu wa shule ya filamu au ilikuwaje? Ile hali ya kamera ni hela ilikuwa hamna au kafanya makusudi? Na baada ya pale kaendelea hivyohivyo au alivyopata hela akageuka? Nauliza kwa sababu nina stori yangu muda mrefu, kijana anapiga gitaa pale gatini Kamanga, kila asubuhi kivuko kinashusha watu wa upande wa Sengerema na kati yao kuna dada analeta matunda mjini. Ndo hivyo tu stori yote. Nimewasimulia wenzangu wanaocheza movie hapa mjini wakaniambia weka mchawi.

Gwiji_Nyegezi:
Hahaha weka mchawi. Karibu mkuu, huyu jamaa nimemfuatilia sana.

Kwanza toa wazo kwamba aliibuka tu. Carney kazaliwa Dublin 1972, na kabla ya filamu alikuwa mpiga besi wa bendi inaitwa The Frames, kuanzia 1991 mpaka 1993 hivi, na kiongozi wa bendi ni huyohuyo Glen Hansard uliyemuona anapiga gitaa kwenye Once. Video za bendi alikuwa anapiga yeye Carney. Kwaiyo unavyoona ile movie unaona watu wawili wanaofahamiana zaidi ya miaka kumi, mmoja nyuma ya kamera mmoja mbele, hamna wa kumwogopa mwenzake. Alivyotoka bendini akaanza filamu ndogondogo na rafiki yake Tom Hall, November Afternoon ya 1996, halafu Park ya 1999, hizo huku kwetu huzipati hata uhangaike vipi. 2001 akatoa On the Edge, hii ilikuwa na hela kiasi na yumo Cillian Murphy, ndiyo huyu wa Peaky Blinders mnaemwigiza mitaani na kofia. Mwaka huohuo 2001 yeye na Tom Hall na kaka mtu Kieran Carney wakaanza tamthilia ya televisheni ya taifa ya kwao RTÉ, Bachelors Walk, vijana watatu wanaishi nyumba moja Dublin kando ya mto hawana mbele wala nyuma, ilienda misimu mitatu mpaka 2003 na Waireland waliipenda mno.

Sasa hapo ndo ujue, mtu anakwambia Once ilipigwa siku 17 unadhani ni muujiza. Zile siku 17 zina miaka kumi nyuma yake ya kujua Dublin ikoje saa ngapi, na nani anaimba nini.

Kwenye Once yenyewe Hansard hakutakiwa kuigiza kabisa, alitakiwa atunge nyimbo tu. Wa kuigiza alikuwa Cillian Murphy na alikuwa mmoja wa maprodyuza pia. Akajitoa, na alivyojitoa wenye hela nao wakaondoka. Mtu mwingine hapo anasema basi tusubiri mwakani. Carney akamgeukia Hansard, we ndo mwenye nyimbo, imba mwenyewe, na yule binti Markéta Irglová alikuwa hata miaka 18 hajatimiza, si mwigizaji, ni mpiga piano ambaye tayari alikuwa anatunga na Hansard. Hela ikabaki euro 112,000 hivi, sehemu kubwa ikatoka bodi ya filamu ya Ireland na nyingine mfukoni kwake. Mshahara wake wa udairekta akawaachia wale wawili, na kila aliyefanya kazi akaahidiwa fungu kama movie ikiingiza.

dagaa_mchele:
Euro 112,000 mnasema hela ndogo. Piga kwa leo, inacheza kwenye milioni 300 za kwetu huko. Hapa Mwanza mtu na milioni 300 anafanya movie? Anajenga fremu Buzuruga anakula kodi mpaka anakufa. Kila siku mnaleta mifano ya wazungu "walioanza bila kitu", bila kitu gani mtu serikali imempa hela. Bodi yao inatoa hela, ya kwetu inakupa kibali na stika.

Gwiji_Nyegezi:
Hilo sikatai ngosha. Ile bodi yao ilifungwa 1987, ikafunguliwa tena 1993, na ukiangalia Waireland wengi mnaowasikia sasa hivi walikuja baada ya hapo. Lenny Abrahamson alianza na mateja wawili wanazunguka Dublin siku nzima kutafuta unga, Adam & Paul ya 2004, hiyohiyo hela ya bodi, na 2015 katoa Room ikaenda Oscar, Brie Larson kachukua. Siku hizi wanaiita Screen Ireland. Kwaiyo ndio, kuna mkono nyuma.

Lakini kwa viwango vya kule 112,000 sio hela ya filamu, ni hela ya chai. Kule mtu wa laiti (taa) tu kwa siku analipwa hela ambayo wewe unapiga harusi nzima. Ndo maana laiti hakuchukua. Swali la jamaa lilikuwa kafanyaje, sio nani tajiri.

Binti_Nansio:
Jamani mbona mnaongelea hela tu, mwenzenu kauliza staili.

Mi naongea kama mtazamaji, kamera sijui kushika. Kuna kipande yule dada usiku anasikiliza wimbo kwenye kile kiredio cha CD, jamaa kampa muziki bila maneno akamwambia andika maneno, betri zikaisha. Anaenda kuchukua vichenji kwenye kibubu cha mwanae, mtoto kalala, anatoka na nguo za kulalia na ndala mpaka dukani, ananunua betri, anarudi nyumbani anatembea anaimba yale maneno aliyotunga, na kamera inarudi nyuma mbele yake mtaa mzima haikatiki. Hamna mtu kasema huyu dada ni masikini, hamna muziki wa huzuni wala machozi. Ila kukopa hela ya mtoto, ya betri tu! Mimi mama wa watoto wawili pale nilipoa.

Na angalia ile movie watu wanafanya kazi. Baba anatengeneza mashine dukani, dada anauza maua, anafanya usafi kwenye nyumba za watu, mama yake hajui lugha vizuri, majirani wanakuja kuangalia TV kwake maana wao hawana. Wacheki waliingia Umoja wa Ulaya 2004 na Ireland ilikuwa moja ya nchi chache zilizowafungulia ajira siku hiyohiyo, kwaiyo Dublin ya wakati ule ilijaa watu kama huyo dada, halafu filamu za Ireland zilikuwa bado hazijawaona. Carney kawaona. Majina yenyewe hawa wawili hawana, mwanzo mpaka mwisho hawaitani, na sikugundua mpaka majina ya waigizaji yanapita.

Kaka Kamera huyo dada wako wa Sengerema usimfanye awe "dada wa matunda" tu wa kupendwa. Analala saa ngapi, tenga la embe analibeba nani wakati anapanda kivukoni, nauli anatoa wapi siku embe zimeoza? Ukijua hayo mchawi humhitaji.

Kamera_Mabatini:
Dada Binti Nansio hapo umenikamata, tenga sikuliwaza kabisa. Wabeja sana.

fundi_sauti_Igoma:
Nilikuwa napita kimyakimya ila ngoja niseme la ufundi maana mleta uzi kauliza kama ile picha ni umasikini.

Ni vyote viwili, na ujanja wa Carney ni kwamba hauwezi kutenganisha. Jamaa alipiga na kamera za video za kawaida, sio filamu ya mkanda. Mitaani alikaa MBALI na lenzi ndefu. Ile Grafton Street mwanzoni, Hansard anaimba na watu wanapita wanatupa hela, wengi wanaopita hawajui kama ni movie, hamna vibali sehemu nyingi, hamna mtu anapiga kelele ekshen. Ukikaa mbali na lenzi ndefu unapata vitu vitatu kwa mpigo: hukusanyi watoto wa kuangalia kamera, hulipi watu wa kupita nyuma, na mwigizaji wako ambaye sio mwigizaji anasahau kama kuna kamera. Hiki cha tatu ndo kikubwa, na ndo maana mazungumzo mengine walikuwa wanabuni palepale na hayasikiki kama ya kukariri. We na bodi yako moja ya kamera ukiwa na lenzi ya 70-200 unaweza kusimama ng'ambo ya barabara pale Kamanga. Hasara yake lenzi ndefu mkononi inatikisika, ndo huo mtikisiko uliouona. Carney kauacha. We kwenye harusi ungeufuta, na ungefuta na uhai wake wote, samahani lakini nyie watu wa harusi mna ugonjwa wa kulainisha kila kitu, ngozi ya bibi harusi mnaisugua mpaka pua inapotea.

Nyumba ni za marafiki. Ile sherehe ya watu wanaimba mmojammoja ni nyumbani kwa Hansard mwenyewe na wale ni washkaji zake wa ukweli. Mwanga wa dirishani.

Sasa sauti, ambayo hamna aliyeigusa. Mwangalie Carney anavyotumia wimbo: anauacha uishe. Wanaingia duka la vyombo vya muziki, jamaa anamfundisha yule dada kodi (chords) za gitaa ye anazifuata kwenye piano, anakosea kidogo, anashika, wimbo mzima unakwenda, na wewe umekaa unaangalia watu wawili wanaanza kuelewana bila neno la mapenzi hata moja. Dakika kadhaa! Movie ya kawaida ingekata sekunde thelathini ikaweka picha za wanatembea ufukweni. Na studio hivyohivyo, fundi mitambo anaanza kwa dharau anaongea na simu, wimbo unavyopanda anaanza kukaa vizuri kwenye kiti. Halafu wanachukua ile rekodi wanaenda kuisikiliza kwenye gari. Yule fundi anajua, wimbo ukisikika vizuri kwenye spika za gari utasikika popote. Sisi tunafanya kwenye bajaji.

Ila mkuu onyo: hiyo staili inakufa sauti ikiwa mbovu. Picha ya giza mtu anavumilia, sauti ya kamera yenyewe na upepo wa ziwa HAVUMILII. Kama una hela ya kitu kimoja usinunue lenzi, nunua rikoda na maiki za kubana kwenye shati.

dagaa_mchele:
Mmemaliza? Sasa nendeni Kamanga mkapige bila kibali tuone. Dublin sio Mwanza.

Mwana_Mwaloni:
Dagaa mchele leo kaamka vibaya ila hapa yuko sahihi. Mi nafanya kazi Mwaloni Kirumba miaka, naona. Ukitoa kamera kubwa pale kati ya mizigo ya dagaa kabla hujaiwasha umeshaulizwa na watu wanne we ni nani na umetumwa na nani. Na sio ushamba, watu wana kumbukumbu. Ilishakuja ile dokumentari ya sangara ya Hubert Sauper wa Austria, Darwin's Nightmare, ya 2004, ikapigwa hapahapa Mwanza, ikazunguka dunia nzima mpaka ikateuliwa Oscar, ikaonyesha mji kama jalala la mapanki (mifupa ya sangara) na silaha, 2006 Rais Kikwete mwenyewe akaiongelea kwa ukali na watu wakaandamana hapa mjini. Wengine tukaona kaonyesha shida za kweli kwa jicho la kutuonea, wengine wakaona mwongo kabisa, hiyo tuiache. Ninachosema watu wa pwani ya ziwa hili wanajua kamera inaweza kukupeleka mahali hukukubali kwenda.

Kwaiyo hiyo ya kujificha na lenzi ndefu mi naona huku ni mbaya mara mbili. Kwanza sheria, ile ya filamu na michezo ya kuigiza ya 1976, inataka kibali, na gatini ni eneo la watu na usalama, hupigi tu. Pili wale wauza matunda ni wa kuonana nao kila siku, sio watalii wa Grafton Street. Nenda kwa afisa utamaduni, onana na wenye kivuko, halafu kaa pale siku mbili tatu bila kamera unywe chai na wabeba mizigo. Wakikuzoea hata lenzi fupi watasahau.

fundi_sauti_Igoma:
Mwana Mwaloni hapo nakubali kuhusu kibali, sikatai. Ila lenzi ndefu sio ya kujificha tu, hata ukiwa na kibali na watu wanajua, umbali unampa nafasi mwigizaji. Omba kibali, halafu kaa mbali.

Kamera_Mabatini:
Sawa kibali nitafuatilia. Gwiji hujanijibu la mwisho, alipopata hela alikuwaje?

Gwiji_Nyegezi:
Nilikuwa njiani, daladala ya Nyegezi jioni mnaijua.

Kwanza hela ilivyokuja. Matamasha kadhaa ya Ulaya yaliikataa Once. Ikaonyeshwa Galway, tamasha la nyumbani, Julai 2006, halafu Januari 2007 ikaenda tamasha la Sundance Marekani ikachukua tuzo ya watazamaji upande wa filamu za nje. Fox Searchlight wakainunua, na mwisho wa siku duniani kote ikaingiza zaidi ya dola milioni 20. Februari 2008 wimbo wa Falling Slowly, ule wa dukani fundi aliouongelea, ukachukua Oscar. Hansard akashukuru, yule binti kufungua mdomo muziki ukamkata, mtangazaji Jon Stewart baada ya matangazo akamrudisha jukwaani aseme yake. Baadaye ikafanywa mchezo wa jukwaani Broadway, 2012 ukachukua tuzo nane za Tony, zile za maigizo ya jukwaani. Wale walioahidiwa fungu sidhani kama walijuta.

Sasa Carney na hela. Hakukimbilia moja kwa moja, kuna vichekesho kama Zonad ya 2009 ambavyo hata mashabiki wake hawavitaji. Halafu akaenda New York, Begin Again, ilionyeshwa Toronto 2013 ikatoka 2014, Keira Knightley, Mark Ruffalo, Adam Levine wa Maroon 5, bajeti dola milioni nane hivi. Stori ni prodyuza aliyeporomoka na dada aliyeachwa, wanarekodi albamu nzima nje, kwenye vichochoro, juu ya maghorofa, kelele za mji zinaingia ndani ya nyimbo. Unaona? Ni Once ileile. Tofauti sasa umasikini unaigizwa. Wana kila kitu halafu wanajifanya hawana studio. Iliingiza hela nyingi tu, zaidi ya milioni 60, na mi naipenda kiasi, lakini ukiiweka jirani na yule mama wa betri inanukia manukato. Na baadaye 2016 akamsema vibaya sana Keira gazetini, kwamba hataki tena kufanya kazi na wanamitindo, watu wakamshukia, akaomba radhi hadharani. Sio kitendo cha kiungwana, nakisema kwa sababu watu wakimsifia mtu wanaruka hapo.

Mwaka huohuo 2016 alikuwa karudi nyumbani na Sing Street. Dublin ya 1985, vijana wa shule wanaanzisha bendi ili mmoja wao ampate msichana, na shule ni Synge Street, ambayo yeye Carney kasoma. Hapo aliwatumia watoto wengi ambao hawajawahi kuigiza.

Binti_Nansio:
SING STREET ndo bora kuliko zote, njooni mnipige. Yule kaka mtu! Aliyeacha chuo, yuko ndani anavuta bangi na sahani zake za muziki, anamfundisha mdogo wake kila kitu anachokijua halafu siku moja analipuka kwamba we unapita njia niliyofyeka mimi. Kila nyumba ya kwetu ina huyo kaka. Ireland ya miaka ile kazi hamna, vijana wote wanawaza London.

Ila ule mwisho, kitoto na mpenzi wake wanapanda kaboti kadogo kavuke bahari kwenda Uingereza mvua inapiga mawimbi yanapanda... mtu wa Ukerewe anaiangalia hiyo anasimama kwenye kochi. Baba yangu mvuvi kasema hawafiki hao.

Mwana_Mwaloni:
Hahahaha mzee kamaliza. Hawafiki.

fundi_sauti_Igoma:
Gwiji unaionea Begin Again. Kipande cha kwanza kile, dada anaimba peke yake na gitaa baa watu wanapiga stori zao, halafu tunaonyeshwa kipande hichohicho kwa masikio ya yule prodyuza mlevi, ngoma inaanza kujipiga yenyewe, selo inaingia, piano inaingia, vyombo vinacheza bila watu. Hamna movie iliyowahi kuonyesha vile kinachotokea kichwani mwa mtu wa studio akisikia wimbo mzuri. Mi hicho kipande nilimwonyesha mke wangu ili aelewe kwa nini nachelewa kurudi.

Gwiji_Nyegezi:
Hicho nakupa, hicho kipande ni cha hela na kimelipa. Namalizia: 2023 katoa Flora and Son, mama wa Dublin analea mtoto mkorofi, anaokota gitaa kwenye takataka, anajifunza kwa mwalimu yuko Los Angeles kupitia laptop, na mama mwenyewe ni Eve Hewson, mtoto wa Bono wa U2. Apple waliinunua Sundance kwa karibu dola milioni 20. Kwaiyo jibu la swali lako mkuu, hela zilikuja na hakukataa, ila kila akitoka nje anarudi kwenye mtaa wake na watu wenye kazi za mikono na kitu kilekile, watu wawili wanatengeneza wimbo mbele yako kuanzia hauna kitu mpaka unaimbika. Hiyo ndo staili yake. Mtikisiko wa kamera ni ganda tu, hata akiwa na Apple amebaki na hiki kingine. Wanaomuiga wengi wanaiga ganda.

dagaa_mchele:
Hapo angalau umeongea. Mi tatizo langu na hizi za "muziki mtaani" ni kwamba kwa Dublin mtu kupiga gitaa barabarani ni kitu cha kawaida, watu wanatupa hela wanapita. Hapa Mwanza akikaa mtu na gitaa pale gatini watu watajua ni mhubiri au kipofu. Kwaiyo kijana wako kwa nini yuko pale? Once ingekuwa ya huku huyo jamaa angekuwa anapiga kwenye bendi ya kwaya Jumapili, au angekuwa anafuata ngoma za Kisukuma msimu wa mavuno, maana huko ndo watu wanatupa hela. Bagika na Bagalu, vile vikundi viwili vya ngoma, wanashindana uwanjani huyu anamvuta mtazamaji wa huyu, hapo muziki mtaani upo na ulikuwepo kabla ya Dublin haijawa na gitaa.

Binti_Nansio:
Dagaa mchele kumbe una akili hivi umekaa unatukana tu siku nzima 😂

Kamera_Mabatini:
Dah hili swali la dagaa mchele limenikaa. Kwa nini yuko pale. Labda anaifanya kazi pale gatini, mkata tiketi au mbeba mizigo, na gitaa anapiga kivuko kikichelewa tu. Kikichelewa watu wamekaa wana hasira, hapo anapata wasikilizaji bila kuwaomba.

Mwana_Mwaloni:
Hapo sasa. Mbeba mizigo. Na tenga la embe la yule dada anabeba yeye.

fundi_sauti_Igoma:
Mnaenda vizuri ila mmeruka kitu. Carney alianza na nyimbo zipo, Hansard na yule binti walikuwa nazo kabla kamera haijawashwa, stori ikashonwa kuzunguka nyimbo. Mkuu una wimbo?

Kamera_Mabatini:
Upo nusu. Nina dogo anapiga kwaya Pasiansi, ana wimbo kaanza kuutunga Kisukuma ila kiitikio hakijakaa.

fundi_sauti_Igoma:
Basi kibali subiri kwanza, skripti subiri. Mlete huyo dogo Igoma Jumamosi mchana na gitaa lake, nina rikoda na maiki mbili, tuone huo nusu unasemaje. Na mwambie asije na gitaa la kanisani lile la umeme, nataka la mbao.